Kuni na Maji ya Shaba ya Sohar

Shaba haikuwahi kuwa shida katika machimbo ya Lasail. Milima iliyo nyuma ya mji wa Sohar, kaskazini mwa Oman, ina shaba ya kutosha, na mtu anayejua kuitazama ardhi huigundua bila chombo chochote. Katikati ya majabali ya kijivu na meusi hutokea doa kubwa la kutu, jekundu upande huu na manjano upande ule, na pembezoni mwake kokoto zimeshika ukijani. Palipo na doa hilo, chini pana madini. Kilichokuwa adimu, tangu zama za Wasumeri hadi juzi, ni vitu viwili ambavyo shaba haitoki mlimani bila ya hivyo: kuni na maji. Mimi historia ya migodi hii naisoma hivyo, na ndivyo nitakavyoisimulia, kwa sababu wengi huisimulia kwa utajiri wake tu na kuacha nusu ya pili.

Kwa asiyepajua: ukitoka Sohar, mji wa pwani ya Batinah, ukashika barabara ya Wadi Jizzi inayopanda kwenda Buraimi na mpaka wa Falme za Kiarabu, baada ya kama kilomita 30 umeshaingia katika vilima vya Hajar. Lasail, Aarja na Bayda ndiyo majina ya machimbo makubwa ya upande huu, nayo yamepakana. Mvua ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 100. Pemba, alikozaliwa mama yangu, mwezi mmoja wa masika huleta mara kadhaa ya hiyo. Mabonde ni changarawe tupu, isipokuwa ile siku moja mbili mafuriko yanaposhuka kwa kishindo na kupotelea baharini. Miti iliyopo ni migunga ya jangwani, ambayo wenyeji huiita samr, na mikunazi, na huku na kule mti wa ghafu. Imetawanyika, mmoja hapa, mwingine kule ng'ambo ya bonde.

Na katikati ya ukame huo pana vilima vyeusi ambavyo havikuumbwa na Mungu pamoja na milima. Ni mavi ya shaba, ule uchafu wa mawe unaobaki tanurini shaba ikishatolewa, yaliyomwagwa yakiwa moto yakaganda kwa mikunjo mizito inayong'aa kama kioo pale yanapovunjika. Lasail peke yake palikuwa na karibu tani 100,000 za mavi hayo kabla mgodi wa kisasa haujaanza kuyavuruga. Kila tani ilipikwa kwa mkaa. Sasa simama pale, zungusha macho uihesabu hiyo migunga, halafu jiulize mkaa huo ulitoka wapi.

Kabla ya kufika kwenye mkaa, lazima niseme shaba yenyewe ilifikaje huku, maana sijui kisa kingine cha ardhi kinachonisisimua zaidi ya hiki. Milima ya Hajar ya upande huu ni sakafu ya bahari. Kama miaka milioni 95 iliyopita, chini ya bahari ya kale iitwayo Tethys, ardhi ilikuwa inapasuka na lava inatoka. Lava ikikutana na maji baridi huganda ngozi ya nje mara moja, halafu ya ndani hupasua na kutoka tena, na tena, mpaka inajijenga kwa mafungu ya mviringo yaliyolaliana. Ukipita Wadi Jizzi unayaona mafungu hayo kando ya bonde, wazi kabisa, na wanajiolojia kutoka kila pembe ya dunia huja kuyapiga picha. Maji ya bahari yalipenya kwenye nyufa za lava hiyo, yakashuka hadi karibu na moto, yakachemka, yakayeyusha shaba, chuma na zinki zilizokuwa ndani ya mwamba, kisha yakapanda tena na kutoka kwa nguvu sakafuni. Yalipogusana na maji baridi, madini yakaanguka palepale pamoja na salfa na kujilimbikiza.

Kwa kawaida sakafu ya bahari haidumu. Huzama chini ya mabara na kuyeyuka, na shaba yake hupotea nayo. Hapa, ardhi ilipogongana, kipande kikubwa cha sakafu kilipanda juu ya ukingo wa Bara Arabu badala ya kuzama. Ndiyo maana mchimbaji wa Lasail, aliyeko jangwani, huwa anachimba chemchemi za moto za bahari iliyokwisha kufa.

Marundo hayo si makubwa kama ya Katanga au Zambia. Ni mafungu madogo yaliyotengana, sehemu kubwa ni chuma na salfa, na shaba ni asilimia chache. Aarja na Bayda shaba imekaa pamoja na zinki. Hewa na mvua zimekula sehemu ya juu ya kila fungu kwa maelfu ya miaka, salfa ikaoshwa, chuma kikabaki na kutu yake, na hilo ndilo doa jekundu linaloonekana kwa mbali. Chini kidogo ya kutu kulikuwa na mawe ya kijani, shaba iliyokwisha kuchujwa na maumbile. Watu wa kwanza walianza na mawe hayo, kwa kuwa huyeyuka bila taabu kubwa: mkaa, mivuo ya kupulizia, tanuri dogo la udongo. Lakini mawe ya kijani huisha haraka. Chini yake kuna madini yenye salfa, na hapo ndipo hesabu ya kuni inapogeuka.

Madini yenye salfa hayaingii tanurini moja kwa moja. Kwanza yanapangwa juu ya magogo na kuchomwa polepole siku kwa siku ili salfa itoke kwa moshi. Moshi wake hukata pumzi. Kisha yanayeyushwa kwa mkaa pamoja na mchanga au mawe mengine ya kukamata chuma. Kinachopatikana mara ya kwanza si shaba bado, ni kitu cha kati chenye shaba na salfa. Kinapondwa, kinachomwa tena, kinayeyushwa tena. Kila hatua inadai kuni au mkaa, na mchoma mkaa wa kienyeji hupata kilo moja ya mkaa kwa kilo tano za kuni au zaidi. Kwetu Afrika Mashariki tunaijua hasara hiyo vizuri.

Kuhusu zinki niseme kidogo, kwa sababu huwa inasahaulika. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Maana yake, tanuri likifikia joto la kuyeyusha shaba, zinki iliyomo imekwisha kuwa mvuke. Sehemu yake hupanda na moshi na kutoweka angani, sehemu hubaki ndani ya mavi. Mafundi wa Hajar walikuwa wakipika zinki kwa karne nyingi na kuipoteza yote, wala hawakuwa wajinga. Karibu dunia nzima ilikuwa hivyo. Ng'ambo ya bahari, Kerman katika Uajemi, watu walijifunza kuukamata ule moshi mweupe unapoganda na kuuza unga wake kuwa dawa ya macho. Na Zawar, katika milima mikavu ya Rajasthan huko India, mafundi ndio waliotegua kitendawili chote: walipika madini ya zinki ndani ya vyungu vilivyofungwa vikainamishwa mdomo chini, mvuke ukashuka mahali pa ubaridi na kuwa metali kabla ya kukutana na hewa. Walifanya hivyo kwa wingi karne nyingi kabla ya Ulaya. Napenda kuwataja kwa sababu ni ufundi wa watu wa bahari yetu hii ya Hindi, na vitabu vya shule nilivyosomea havikuwapa hata mstari.

Turudi kwenye shaba. Wasumeri na Waakadi, kwenye Iraki ya leo, hawakuwa na mawe ya madini wala mbao nzuri. Shaba yao walikuwa wakiipata kutoka nchi waliyoiita Magan, na wataalamu wengi leo wanakubaliana kwamba Magan ni Oman pamoja na sehemu ya Falme za Kiarabu. Mfalme Sargon wa Akkad, kama mwaka 2300 K.K., alijisifu kwamba majahazi ya Meluhha (nchi ya bonde la Mto Indus), Magan na Dilmun yalikuwa yakifunga gati mjini kwake. Karne mbili tatu baadaye, mfanyabiashara wa Ur aliyeitwa Lu-Enlilla alikuwa akichukua sufu na nguo kutoka hekaluni kwenda kununulia shaba Magan. Na wengi mmeona mitandaoni picha ya kile kibao cha udongo kilichoko British Museum, cha kama mwaka 1750 K.K., ambamo mteja aitwaye Nanni anamlalamikia Ea-nasir kwa kumuuzia shaba mbovu. Wakati huo shaba ilikuwa ikipitia Dilmun, yaani Bahrain, lakini sehemu kubwa ya ile iliyopita huko ilitoka milimani kwetu. Watu huicheka barua ile. Mimi huwa namfikiria mtu wa tatu ambaye hakutajwa, aliyekata mgunga akachoma mkaa.

Ushahidi mzuri wa zama hizo haukutoka Lasail bali kusini zaidi, Maysar, katika Wadi Samad. Kuanzia mwaka 1977, watafiti wa jumba la makumbusho ya madini la Bochum, Ujerumani, wakiongozwa na Gerd Weisgerber, walichimbua huko nyumba, vipande vya matanuri, na vibonge vya shaba vilivyo bapa juu na mviringo chini kwa kufuata umbo la kitako cha tanuri. Matanuri yalikuwa madogo. Shaba yote ya zama za Magan inakadiriwa kuwa maelfu machache tu ya tani, kazi ya karne kwa karne. Kwa mwendo huo migunga ilipata nafasi ya kuota upya.

Mambo yalibadilika karne ya 9 na ya 10 ya Miladi, na hiki ndicho kipindi kinachonishika zaidi. Baghdad na Basra zilikuwa miji mikubwa yenye kiu ya kila kitu, shaba ikiwemo. Sohar ikawa bandari yao ya kuingilia bahari kuu. Al-Muqaddasi, mwanajiografia wa karne ya 10, aliisifu kuwa hakuna mji mtukufu zaidi katika bahari hiyo, akaiita ukumbi wa kuingilia China na ghala la Mashariki. Nyuma ya mji mashamba yalienea mbali kuliko yalivyo leo, yakinyweshwa kwa aflaj, ile mifereji ya kuvuta maji kutoka chini ya mlima hadi bondeni. Watafiti Paolo Costa na Tony Wilkinson walipotembea na kupima ardhi hiyo kuanzia miaka ya 1970 walikuta vigae vya vyungu vimetapakaa juu ya mashamba ya kale yaliyogeuka jangwa tupu. Na milimani, Lasail na Aarja na kwingineko, matanuri yakawaka kwa wingi usiowahi kuonekana. Makadirio ya shaba iliyotoka Oman kipindi hicho ni makumi ya maelfu ya tani. Yale mavi meusi niliyoyataja mwanzo mengi ni ya wakati huu.

Ndiyo maana Sohar haiwezi kuwa habari ya mbali kwa msomaji wa Kiswahili. Mwaka 304 wa Hijria, sawa na 916 au 917 Miladi, al-Mas'udi alivuka kutoka kisiwa cha Qanbalu, katika nchi ya Zanj, kwenda Oman. Alikuwa amezisafiri bahari nyingi, na akaandika kwamba hakuona ya kutisha kuliko ya Zanj. Wanahistoria wengi wanaiweka Qanbalu Pemba. Ameandika kuwa wakazi wake walikuwa mchanganyiko wa Waislamu na Zanj, na kwamba hata Waislamu wake walizungumza lugha ya Kizanj. Ameandika pia kuwa pembe za ndovu za pwani hiyo zilipelekwa Oman kwanza, ndipo zikaendelea India na Uchina. Chombo alichopanda kwenda Zanj kilianzia safari Sohar, katika miaka ileile moshi wa Lasail ulipokuwa mzito kuliko wakati wowote. Mabaharia waliotia nanga Qanbalu walikuwa watu wa mji uliolishwa na shaba. Sisi ambao familia zetu zina mguu Pemba na mguu Batinah tumezoea kudhani uhusiano huu ulianza na akina Said wa Unguja. Una zaidi ya miaka elfu moja.

Kwa nini matanuri yalizima? Sababu za kisiasa zipo na ni za kweli. Mabuwayh wa Uajemi waliishambulia Sohar kwa majeshi ya majini karne hiyohiyo ya 10, mji ukaporwa, na biashara ya bahari ikaanza kuhamia Bahari ya Shamu kuelekea Misri. Lakini mji huweza kuporwa na mlima ukaendelea na kazi, ikiwa kuna cha kuchoma. Nikiitazama ile tani 100,000 ya mavi na kuirudisha nyuma kuwa mkaa, na mkaa kuwa kuni, na kuni kuwa migunga inayoota polepole katika nchi ya milimita 100, huku mbuzi wakisubiri kila chipukizi, siwezi kuamini kwamba miti ilitosha. Mlima ulibaki na shaba nyingi. Tunajua hivyo kwa sababu karne ya 20 ilirudi ikaichukua. Kilichokwisha ni moto. Baadaye, kwa karne nyingi, Oman hii hii ilikuwa ikitegemea boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji kuezekea nyumba zake. Mtu hasafirishi miti kuvuka bahari kuja kwenye nchi yenye miti.

Ami yangu ndiye aliyenifungulia sura ya kisasa ya habari hii. Alizaliwa Unguja, akaja Oman miaka ya 1970 pamoja na maelfu ya Waomani wa Afrika Mashariki, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwafungulia mlango. Nchi ilikuwa inajengwa upya na ilihitaji watu waliosoma. Waliokuja kutoka Unguja walijua Kiingereza na hesabu za ofisini, wengine wakiwa bado wanakisotea Kiarabu. Ami akapata kazi ya bohari upande wa mgodi. Hadi leo barazani kwake Kiswahili ndicho kinachotawala, kahawa chungu ikizunguka, na ukimuuliza jambo la mgodini hukujibu akianza na bidhaa: buti ngapi, kofia ngapi, mafeni ya kupulizia hewa yalikaa wapi.

Mafuta yalikuwa yamekwisha kuanza kusafirishwa tangu 1967, na serikali ilitaka kitu cha pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Kanada iitwayo Prospection ilipewa kazi ya kutafuta madini. Na ilitafuta kwa akili: iliyafuata mavi ya kale. Wazee walikuwa wameshapima milima yote kwa macho na nyundo zao, na palipo na mavi pana shaba. Oman Mining Company iliundwa mwaka 1978, na mwaka 1983 migodi ya Lasail, Bayda na Aarja ikaanza kulisha kiyeyushio kipya karibu na Sohar chenye uwezo wa kama tani 20,000 za shaba kwa mwaka. Baada ya karne nyingi za kimya, Magan ikauza shaba tena.

Kazi ilikuwa chini ya ardhi. Ami alishuka mara chache kwa shughuli za bohari, na anachokumbuka ni joto la mwamba na jinsi sauti inavyokwenda mbele ya mtu kwenye mahandaki. Wachimbaji walitoka Oman, India, Pakistan, Ufilipino, kila lugha ikiwa na kona yake kantini. Mahali pa wazee palikuwa hapohapo pa wapya: kazi za kale zilikuwa zimeutoboa mlima kabla yao, na mgodi mpya ulipokuwa ukipanuka uliyameza machimbo ya zamani na sehemu kubwa ya yale mavi. Akina Weisgerber walikuwa wakikimbizana na matingatinga ili wapime na kuchora kabla havijatoweka. Hili linaniuma. Nchi ilikuwa changa na ilihitaji kazi kwa vijana wake, hilo nalielewa kabisa. Lakini Bat, kule Dhahirah, yenye makaburi na minara ya watu wa zama za Magan, iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1988, wakati kiwanda chenyewe kilichowalisha watu wa aina hiyo kilikuwa kinazolewa kwa koleo la mtambo.

Safari hii kuni hazikuwa shida. Gesi asilia ililetwa kwa bomba kutoka ndani ya nchi hadi Sohar, na kiyeyushio kikawaka bila kukata mgunga hata mmoja. Kikwazo cha kwanza, kilichowashinda watu wa karne ya 10, kilikuwa kimeondoka. Kikabaki cha pili.

Kutenga shaba na jiwe siku hizi hufanyika kwa maji. Jiwe linasagwa kuwa unga, unga unatiwa kwenye matangi ya maji yenye dawa na mapovu, chembe za shaba zinashika mapovu na kuelea, zilizobaki zinazama. Ni maji mengi sana. Maji matamu ya kutosha hayakuwepo, na yaliyokuwepo yalikuwa ya visima na mashamba ya watu. Kwa hiyo mgodi ulitumia maji ya bahari. Ami anasema, "Asubuhi watu wa kinu hawakuulizi mawe. Wanauliza maji yamefika?" Bahari iliyokuwa imejenga shaba ile ikarudishwa mlimani kuja kuiosha, na kwa muda jambo hilo lilionekana kuwa ni ufumbuzi safi.

Maji hayo yakishatumika yalikwenda pamoja na tope katika bwawa la topesumu kwenye bonde la Wadi Suq. Bwawa halikuwekwa utando wa chini wa kuzuia kuvuja. Kuanzia mwaka 1982 hadi 1994 lilipokea tani milioni 11 za tope lenye salfa, na mita za ujazo milioni 5 hivi za maji ya bahari. Chini yake ni changarawe la bonde na mwamba wenye nyufa, zilezile nyufa zinazopitisha maji ya mvua kwenda visimani. Chumvi ikashuka, ikashika njia ya maji ya chini na kuelekea uwanda wa pwani. Visima vya upande wa chini vikaharibika kwa kilomita kadhaa. Hatua za kuzuia zilichukuliwa baadaye na wahandisi wameandika mengi juu ya bonde hilo, lakini chumvi ikishaingia katika maji ya chini ya nchi ya milimita 100 kwa mwaka, hakuna mvua ya kuisafisha kwa umri wa mtu mmoja.

Nimekaa na mzee mmoja mwenye shamba upande wa Wadi Suq. Mitende yake ilikuwa hai, kwa sababu mtende huvumilia chumvi. Ndimu zilikufa. Hakuniambia kwa hasira. Alinionesha tu visiki na kunieleza kila kimoja kilizaa vipi, kana kwamba vimekatwa jana. Yeye mwenyewe alikuwa na ndugu waliopata mshahara mgodini, na hakutaka niandike kana kwamba mgodi ulikuwa adui wa kijiji. Basi naandika kama alivyotaka: ulisomesha watoto, na ulichukua ndimu.

Madini ya Lasail yalikwisha mwaka 1994. Miaka kumi na moja tu tangu kiyeyushio kiwashwe. Kiyeyushio kiliendelea kwa muda kwa kununua madini ya nje, huku bonde likibaki na bwawa lake.

Sasa bei ya shaba imepanda kwa sababu ya magari ya umeme na nyaya za umeme wa jua na upepo, na Oman inarudi milimani tena. Yanqul, upande wa pili wa safu ya Hajar, pana mradi mkubwa wa Mazoon chini ya kampuni ya serikali ya Minerals Development Oman. Huko nako pana mavi ya kale, mahali paitwapo Raki. Mimi sipingi. Dunia inahitaji shaba, na vijana wa Dhahirah wanahitaji kazi kama walivyohitaji wa Batinah. Ninachotaka kuona kimebandikwa mlangoni kwa kila mwanakijiji kusoma, kabla ya tani za shaba na kabla ya faida, ni maji: yatatoka wapi, mangapi, yatalazwa juu ya utando gani, nani atayapima visimani na kila baada ya muda gani, na vipimo hivyo vitatangazwa wapi. Na mavi ya Raki yapimwe, yachorwe, na sehemu yake izungushiwe uzio ibaki hapo.

Lipo jambo jingine, na hili nalielekeza ng'ambo ya bahari. Wanaakiolojia wamechimbua vitu vya shaba katika miji ya kale ya pwani yetu, Shanga kwenye kisiwa cha Pate ikiwa mojawapo, katika tabaka za karne zilezile za al-Mas'udi. Madini ya risasi yaliyomo kidogo ndani ya shaba huweza kupimwa isotopu zake, yaani aina za atomi zake zenye uzito tofauti, na kulinganishwa na za madini ya Hajar, kama ilivyofanywa kwa shaba ya Mesopotamia. Mwanafunzi wa akiolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayetafuta mada ya shahada ya uzamili, mada hii hapa, na akija Sohar kuchukua vipande vya mavi vya kulinganishia, malazi na gari vipo kwangu, na ami atamwonesha njia ya Aarja.